Fundi wa Ruashi aliliona tangazo lako, akaliacha

SWALI: "Mtaalamu, nina karakana ya jenereta na pampu huku Kampemba, Lubumbashi. Mwezi uliopita nilitafuta fundi mmoja wa jenereta. Nikatia tangazo Facebook na kwenye grupu sita za WhatsApp. Kwa siku nne zikaja dosie 212! Nimesoma mpaka macho yameuma. Mafundi wa kweli walikuwa wanne, na mmoja wao anataka kazi ya usiku tu. Baadaye nikakutana na fundi mmoja wa Ruashi ambaye kazi yake naijua ni safi. Akaniambia, 'Mama, niliiona, ila nikaiacha.' Niliona haya kumwuliza sababu. Kitu gani kinafanya tangazo la kazi la mtandaoni limvute mtu? Na mbona langu limevuta kila mtu isipokuwa yule niliyemtaka? Tangazo lenyewe ni hili: 'Kampuni inayokua kwa kasi inatafuta fundi jenereta mwenye nguvu na bidii, anayeweza kazi chini ya presha. Mshahara mzuri. Tuma dosie kamili kwa WhatsApp. Watakaochaguliwa tu ndio watakaoitwa.'" – Mama wa Kampemba

JIBU: Jambo sana, Mama, na pole kwa macho.

Nusu ya jibu umeitoa mwenyewe uliposema tangazo limevuta kila mtu isipokuwa yule uliyemtaka. Tangazo tupu humvuta asiye na cha kupoteza. Kijana aliyemaliza masomo miaka mitatu iliyopita na bado anashinda nyumbani, kwake kutuma dosie, yaani makaratasi yake ya kuombea kazi, ni kubonyeza tu. Faili liko tayari ndani ya simu, na neno "fundi jenereta" halimtishi hata kama alisomea uhasibu. Simlaumu, ningekuwa yeye ningetuma pia. Lakini fundi wa Ruashi ana mahali anapokula. Huenda analipwa kidogo, huenda bosi wake huchelewesha mshahara, ila anajua huchelewesha siku ngapi. Ili atoke hapo alipozoea, sharti apige hesabu, na tangazo lako halikumpa hata namba moja ya kuanzia.

Mbele ya ofisi yangu, njia ya Kasapa, kuna kijana wa fotokopi. Alasiri moja umeme ulikatika, mashine yake ikanyamaza, wateja wakabaki kivulini kila mtu na simu yake. Nikakaa karibu na mmoja wao, fundi umeme wa magari, nikamwomba anisomee matangazo ya kazi kwa sauti na aseme lolote linalomjia kichwani. Kidole chake kilikwenda mbio. La kwanza: "Hawa hawana jina." Likapita. La pili lilikuwa na jina: "Kolwezi. Nitalala wapi?" Akashuka mpaka chini kutafuta habari ya nyumba, hakuiona, likapita. La tatu alilisoma hadi mwisho, akarudi juu, akaanza kuhesabu kwa vidole: bisi mbili za kwenda, bisi mbili za kurudi, siku ishirini na sita. Hesabu ilipokubali, ndipo aliponiuliza maana ya neno moja la Kifaransa kwenye orodha ya sifa zinazotakiwa. Sifa alizisoma mwisho kabisa, Mama, na kwenye matangazo mengi ya mji huu ndizo zinazowekwa mwanzo.

Mchezo wangu wa kivulini ulikwisha kufanywa na wenye kuujua. Mwaka 1993 watafiti wawili wa Marekani, Alison Barber na Mark Roehling, waliwapa watu matangazo ya kazi na kuwataka waseme kwa sauti yale wanayowaza wanaposoma. Mahali pa kazi na malipo vilikuwa kati ya mambo waliyoyaangalia zaidi. Na jambo ambalo tangazo halikulitaja, wasomaji walilikisia. Hapo pa kukisia ndipo penye hatari kwako, kwa sababu kwetu Lubumbashi nafasi tupu hujazwa kwa mabaya. Mshahara hautajwi? Basi ni mdogo. Jina halitajwi? Basi ni matapeli, au ni yule bosi anayebadilisha mafundi kila baada ya miezi miwili na mji mzima unamjua.

Tuingie kwenye pesa, maana ndipo wenye karakana wengi wanapogoma. Najua utakachosema, kwa sababu nakisikia kila wiki: nikitaja mshahara, mafundi wangu wa sasa watauona, na jirani ataongeza dola hamsini amchukue mtu wangu. La kwanza ni kweli. Kama fundi uliye naye miaka minne anapokea chini ya yule utakayemwajiri kesho, tangazo litakuumbua. Lakini atakuja kujua tu, tena mwezi wa kwanza, siku ya kupokea. La pili si kweli sana: jirani yako anajua unacholipa kuliko unavyodhani. Duniani huko mambo yanaelekea upande huo kwa nguvu ya sheria. Jimbo la Colorado, Marekani, limewalazimu waajiri kutaja malipo kwenye matangazo tangu Januari 2021, jiji la New York likafuata Novemba 2022, na Umoja wa Ulaya ulipitisha agizo mwaka 2023 linalomtaka mwajiri amjulishe mwombaji kiwango cha malipo kabla ya usaili. Wewe unaweza kulifanya kwa hiari, na kwa kuwa wenzako hawajalifanya, tangazo lako litasimama peke yake.

Ila ukitaja, taja vizuri. "Dola 300 hadi 1,200" ni sawa na kunyamaza. Sema kama ni neti, ile inayobaki mkononi, au bruti, ile ya kabla ya makato, sababu fundi aliyewahi kuahidiwa bruti akapokea neti hasahau. Na kama unakadiria kwa dola lakini unalipa kwa faranga, sema utatumia bei gani ya dola na ya siku gani. Nimeona fundi akikataa kazi nzuri kwa ajili ya swali hilo peke yake, na sikuona kosa lake.

Halafu kuna yale yaliyo kando ya mshahara. Sheria yetu ya kazi, ile ya tarehe 16 Oktoba 2002 iliyorekebishwa Julai 2016, haihesabu matibabu, nyumba, posho ya watoto wala nauli ya usafiri kuwa ndani ya mshahara. Hivyo vinasimama pembeni, kila kimoja kwa jina lake. Wewe ulipoandika "mshahara mzuri" ulitaja kipande kimoja cha maneno ambayo msomaji anayatafuta, na Lubumbashi huenda si kipande kinachouma zaidi. Kumbuka mji huu ulijengwa na nini. Wazazi na babu za hawa mafundi walifanya kazi Union Minière, kampuni ya Wabelgiji ya kuchimba shaba, na baada ya kutaifishwa, Gécamines. Kazi ilikuwa nyumba, hospitali, shule ya watoto na posho ya unga. Wazee waliita mgodi baba na mama. Mambo yalipoharibika, mwaka 2003 na 2004, zaidi ya watu 10,000 wa Gécamines waliondolewa kwa mpango walioupa jina la kuondoka kwa hiari. Watoto wa watu hao ndio leo wanaosoma tangazo lako kwenye simu. Mtu aliyekulia nyumba ambako hospitali ilipotea siku moja, macho yake huenda moja kwa moja kwenye neno "matibabu", na anataka kujua ni yake peke yake au pamoja na mke na watoto. Andika hilo neno. Kama unalipia familia, andika "pamoja na mwenzi na watoto". Maneno matano tu, na kwa fundi mwenye watoto wanne yanaweza kuzidi uzito dola thelathini.

Usiogope kwamba ukijaza upande wa "tunatoa" utavuta wavivu. Mwaka 2015 Schmidt, Chapman na Jones walichapisha majaribio waliyofanya kwenye matangazo 56 ya kampuni moja ya uhandisi huko Amerika ya Kaskazini. Baadhi yalisisitiza kile kampuni inachompa mtu, mengine yalisisitiza kile inachomdai. Yaliyosisitiza kinachotolewa yalileta waombaji wengi zaidi wenye alama za juu. Sasa hesabu mistari yako: nguvu, bidii, presha, dosie kamili. Unadai mara nne na kutoa mara moja, tena kwa neno lisilo na namba.

Mahali nalo lina kisa changu, na si cha kujivunia. Kampuni moja ilinipa kazi ya kuitafutia dereva wa lori. Mahali pa kazi nikaandika jina la jimbo letu zima, "Haut-Katanga". Si uongo, kazi ilikuwa Haut-Katanga, lakini kule Pweto, kwenye ziwa Mwero. Walikuja watu thelathini asubuhi, wamepiga pasi, wana bahasha mkononi. Niliposema Pweto, wakabaki watatu. Mzee mmoja alinitazama, akasema, "Mtoto wangu, ungeandika Pweto, ningebaki na pesa yangu ya bisi." Wewe kazi yako iko Kampemba, na Kampemba ni kubwa. Toa avenyu na alama inayojulikana. Na kama kuna safari za Likasi au Kasumbalesa, sema ni mara ngapi kwa mwezi na mtu analala wapi. Kwa anayetoka Ruashi au Katuba, tofauti ya bisi moja na bisi mbili kila asubuhi ni sehemu ya mshahara.

Sasa jina. Kwa nini umelificha, Mama? "Kampuni inayokua kwa kasi" ndivyo wanavyoandika matapeli, na mji huu umewachoka. Wanachukua jina la mgodi mkubwa, wanabandika nembo yake, wanaahidi nafasi mia mbili, kisha jioni inakuja meseji: tuma pesa ya dosie, tuma pesa ya kipimo cha afya, namba ya simu hii hapa. Watu wameuza viti vya nyumbani kwa ajili hiyo. Aliyechomwa mara moja hasomi tena tangazo lisilo na mwenyewe, na waliochomwa mara nyingi ni wale wenye angalau akiba kidogo, maana yake wale wenye kazi.

Mchumi Michael Spence aliandika mwaka 1973 jinsi watu kwenye soko la kazi wanavyosoma ishara pale wasipoweza kuona ndani. Hoja yake, nikiileta Kampemba, ni kwamba ishara huaminika ikiwa ni ghali kwa mwongo kuiiga. Neno "makini" halina gharama, kila mtu analiandika. Lakini jina la karakana, namba ya RCCM (rejesta ya biashara), avenyu ambapo mtu anaweza kuja kusimama mlangoni akasikia jenereta zikinguruma, hivyo tapeli haviwezi. Ongeza picha ya karakana yenyewe, si picha ya wazungu wenye helmeti iliyookotwa mtandaoni. Kisha mstari mmoja: "Hakuna pesa yoyote inayolipwa ili kupata kazi hii." Shirika la Kazi Duniani, katika Mkataba namba 181 wa mwaka 1997, liliweka hiyo kuwa kanuni kwa mashirika binafsi ya kutafutia watu kazi: mfanyakazi hatozwi. Wewe si shirika, lakini mstari huo utasomwa kwa furaha.

Nirudi kwenye "dosie kamili". Fikiria inamgharimu nini fundi wa Ruashi. Picha za pasipoti, fotokopi za diplomu, cheti cha mwenendo mwema, cheti cha afya, barua ya Kifaransa ambayo anamlipa mtu wa sibe (duka la intaneti) amwandikie, na asubuhi moja ya kazi aliyoomba ruhusa kwa uongo. Yote hayo kabla hajajua unalipa nini. Huko Addis Ababa watafiti Girum Abebe, Stefano Caria na Esteban Ortiz-Ospina walitangaza kazi ya ukarani, na baadhi ya waliopiga simu kuulizia wakaahidiwa pesa kidogo ikiwa watakuja kuomba. Matokeo, yaliyochapishwa 2021, yanashangaza mwanzoni: pesa hiyo iliongeza ubora wa waombaji. Wapo wenye uwezo ambao gharama ya kuomba huwazuia mlangoni. Kwa hiyo unapodai makaratasi mengi ukidhani unachuja wabovu, unaweza kuwa unachuja wazuri.

Basi usitake dosie. Taka meseji ya mistari mitano, au odio ya dakika moja: jina lako, unapokaa, jenereta gani umefungua mwaka huu, tatizo lilikuwa nini, ulilitatuaje. Aliyesomea uhasibu atanyamaza mwenyewe. Fundi ataongea mpaka dakika imwishie. Ukipata watano wanaoongea vizuri, waite, warudishie nauli, uwawekee jenereta mbovu mbele yao. Makaratasi atakuja nayo yule mmoja unayemchukua.

Na zile dosie 212 ulizonazo kwenye simu, zina anwani, tarehe za kuzaliwa na nakala za vitambulisho vya watu. Nchi yetu ina sheria ya mambo ya dijitali tangu tarehe 13 Machi 2023, na data za watu zimo ndani yake. Usizisambaze kwa shemeji anayetafuta mlinzi. Zifute ukishamaliza.

"Kazi chini ya presha" ifute pia. Kila anayesoma Kifaransa cha maofisi anajua maana yake: tutakupigia simu Jumapili na hatutakulipa. Kama kweli unampigia simu Jumapili, liseme wazi na useme unalipa kiasi gani. Watu wanadhani ukitaja ugumu utawafukuza. John Wanous alilijaribu mwaka 1973 kwa wasichana walioomba kazi ya kuunganisha simu huko Marekani. Wengine walionyeshwa filamu ya kusifia kazi, wengine filamu ya kweli yenye mazuri na maudhi yake. Waliouona ukweli hawakuikimbia kazi kuliko wenzao, na baadaye waliwaza kuacha kazi kwa uchache zaidi. Ugumu wa jenereta fundi anaujua kuliko wewe. Anachotaka kuona ni kama wewe nawe unaujua.

Kuna jambo dogo la lugha ambalo linanifurahisha. Kiswahili kinatupa neno "fundi", halina mume wala mke. Ukiandika tangazo kwa Kifaransa, inabidi uchague tangu neno la kwanza kama fundi wako ni mwanaume au mwanamke, na wengi huandika la kiume tu. Utafiti wa Danielle Gaucher na wenzake, 2011, ulionyesha kwamba matangazo ya Kiingereza yaliyojaa maneno ya kishujaa, ushindani na ubabe, yaliwafanya wanawake waone pale si mahali pao, hata kama kazi waliiweza. Na wewe umeandika "mwenye nguvu", wewe mwanamke mwenye karakana! Pampu inainuliwa kwa winchi. Kuandika "wanawake wanahimizwa" hakusaidii kitu. Andika kwamba kuna choo na mahali pa kubadilishia nguo, na kwamba wito wa usiku gari la karakana linamfuata fundi nyumbani. Hapo binti aliyetoka shule ya ufundi ya Salama au INPP, taasisi ya taifa ya mafunzo ya kazi, atajua umemfikiria.

Tangazo liandike kwa Kiswahili, ukitaka liweke la Kifaransa chini yake. Liwe maneno, usitume picha ya maneno: kwenye simu ndogo picha haisomeki, namba haikopiki, na anayetafuta "fundi jenereta Lubumbashi" hatalipata. Mistari miwili ya juu ibebe kazi, mahali na pesa, sababu Facebook na WhatsApp hukata meseji ndefu na wengi hawafungui kilichobaki. Saa ziandike kama zilivyo kwenye simu, 7h30, ili "saa moja na nusu" isimlete mtu jioni.

Hivi ndivyo ningeliandika mimi. Namba ni za mfano, weka zako:

FUNDI JENERETA mmoja, Kampemba, Lubumbashi
Dola 450 neti kwa mwezi kwenye majaribio ya miezi 3, kisha dola 520 neti. Tunalipa tarehe 30.

Karakana (jina lako), RCCM (namba yako), avenyu na namba ya nyumba, karibu na (alama inayojulikana).

Kazi: kutengeneza na kufanyia sevisi jenereta za kVA 20 hadi 250, zaidi injini za Perkins na Cummins, hapa karakanani na kwa wateja wa mjini. Mara mbili kwa mwezi Likasi, kulala usiku mmoja, chumba na chakula juu yetu.

Saa: Jumatatu hadi Ijumaa 7h30 mpaka 16h30, saa moja ya kula. Jumamosi 7h30 mpaka 12h30.

Tunatoa: nauli ya kila siku, matibabu pamoja na mwenzi na watoto, CNSS (hifadhi ya jamii) tangu siku ya kwanza, nguo na viatu vya kazi. Wito wa usiku unalipwa kando, gari linakufuata.

Ugumu wake: wateja wetu ni kliniki na duka za baridi, jenereta ikifa hawasubiri asubuhi. Msimu wa mvua wito huwa mwingi.

Tunataka: mtu aliyefanya kazi hii miaka 3, anayesoma mchoro wa umeme, anayejua kupima alterneta na kufungua injekta. Diplomu si lazima. Tutakupa jenereta mbovu uitengeneze.

Kuomba: odio ya dakika moja au mistari mitano kwa namba hii. Tuambie jenereta ya mwisho uliyoitengeneza ilikuwa na nini. Usitume dosie. Hakuna pesa inayolipwa.

Mwisho Ijumaa tarehe 14. Tutawapigia watu watano kabla ya Jumatano tarehe 19. Usipopigiwa kufikia hapo, nafasi imepata mtu, na tutaandika hapa hapa.

Ukijumlisha saa hizo utaona ni 45 kwa wiki, ndicho kikomo cha sheria. Majaribio nayo, kwa fundi, sheria inakuruhusu mpaka miezi sita, ila mwenye kazi mkononi hataacha kazi yake kwa miezi sita ya kupimwa. Mitatu inatosha, jenereta inasema ukweli wiki ya kwanza. Huo mstari wa mwisho wa tarehe 19 unachukua nafasi ya "watakaochaguliwa tu ndio watakaoitwa", maneno ambayo kila mtafuta kazi Lubumbashi ameyasoma mara mia na kila mara ameyasikia kama mlango ukifungwa.

Usilipeleke tena kwenye grupu zile sita za watafuta kazi. Fundi mwenye kazi hakai humo. Yeye yuko kwenye grupu za wauza vipuri, anauliza nani ana injekta ya Perkins. Peleka huko, mpe muuza vipuri wako alibandike dukani, peleka nakala ONEM, ofisi ya taifa ya ajira, na INPP. Halafu lisome mwenyewe kwa sauti, odio ya sekunde arobaini, kwa Kiswahili cha nyumbani. Itasambaa kuliko maandishi, na watu watasikia mwenye karakana ni mtu wa kweli.

Utapata majibu machache, labda ishirini na tano, na siku ya pili utaogopa kwamba limeshindwa. Subiri mpaka tarehe uliyoiandika. Yule wa Ruashi mtumie wewe mwenyewe, bila kumbembeleza, aone namba apige hesabu yake.

Na yule wa nne, anayetaka usiku tu, umemtaja kama kichekesho. Jenereta za wateja wako, Mama, huharibika saa ngapi? Mpigie leo, kabla hujabandika kitu.